Mwendo wa Palizi Katika Mashimo 18

Ndani ya begi langu la fimbo kuna kadi moja ya zamani ambayo sijaitupa. Mashimo 9 ya kwanza nilipiga mikwaju 41. Mashimo 9 ya pili, 56. Asiyenijua akiiokota atadhani ni kadi ya watu wawili waliopokezana fimbo njiani, mtu mzima na mwanawe wa darasa la tatu. Ni mimi mwenyewe, asubuhi moja, uwanja mmoja wa Dar es Salaam, fimbo zilezile na viatu vilevile.

Kilichonipata ni shimo la 10. Mpira wa kwanza uliingia kichakani, wa pili ukaufuata mwenzake, nikaandika 9. Hilo si ajabu, hata wanaolipwa kwa kucheza huandika 9 siku moja moja. Ajabu ni yaliyofuata: 8 kwenye shimo la 11, halafu 6 kwenye shimo dogo la 12 ambalo mtoto angelimaliza kwa 4. Tulipotoka uwanjani kedi wangu alifuta fimbo, akapokea haki yake, akaniambia kwa adabu, "Mzee, lile la kumi ulilibeba mpaka la kumi na nane."

Nimeandika haya kwa ajili ya wenzangu wa namna hiyo, wa Lugalo, wa Gymkhana, wa Morogoro, Moshi na Arusha, ambao si wabovu wa mchezo lakini hawafiki mwisho wakiwa watu walewale walioanza. Tunatafuta dawa kwenye mikono na mabega. Tunanunua fimbo mpya. Mimi dawa yangu niliipata shambani kwetu Njinjo, na niliipata kwa aibu.

Njinjo ni Kilwa ya ndani, ukiiacha barabara ya Lindi pale Nangurukuru na kushika ya Liwale. Uwanja wa gofu hatuna, wala sijamsikia mtu anayeulilia. Tuna ufuta, mihogo, korosho, na mpunga kwenye bonde la Matandu pale mto unapokubali. Shangazi yangu aliacha bonde baada ya mafuriko ya Januari 2020, sasa yuko na ufuta wake huku juu. Mwaka mmoja nilikwenda kumsalimia mwezi wa tatu, palizi imepamba moto, nikashika jembe ili nisionekane mgeni. Nilianza alfajiri kwa fujo zote za mtu wa mjini anayetaka kuonyesha kwamba hajasahau. Saa mbili nilikuwa nimemwacha mistari mitatu nyuma. Saa nne nilikuwa chini ya mwembe nikitafuta pumzi, na yeye, mwanamke wa miaka sitini na zaidi, ananipita bila hata kuniangalia.

"Baba," akaniambia baadaye, tukila mihogo, "asubuhi shika mwendo utakaokuwa nao saa sita."

Siku iliyofuata sikulima sana, nilimtazama. Jembe lake liliponasa kwenye kisiki alisimama. Akalichomoa, akaangalia makali, akakizunguka kile kisiki, akaendelea. Sikuona akiongeza kasi ili kufidia muda uliopotea. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile 9 yangu, na jinsi nilivyokwenda kwenye shimo la 11 nikitaka kurudisha mikwaju mitano kwa pigo moja.

Basi tuanze na hicho kisiki, maana ndicho kinachokula kadi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Chukua kadi zako tano za mwisho uziangalie kama mhasibu. Utakuta mashimo 14 au 15 yako sawa, umepiga mkwaju mmoja juu ya hesabu ya shimo, mara nyingine umelipata lilivyo. Halafu kuna mashimo matatu au manne yaliyobomoka, na mara nyingi hayakai mbalimbali. Yanafuatana, au yanaachana kwa shimo moja tu. Kama ubaya ungetokana na mikono peke yake, yangetawanyika kadi nzima. Yanafuatana kwa sababu la pili ni mtoto wa la kwanza.

Tazama mtu asiye na upungufu wowote wa mikono. Mwaka 2011 Rory McIlroy, kijana wa miaka 21 kutoka Ireland ya Kaskazini, aliingia siku ya mwisho ya mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, akiwaongoza wenzake kwa mikwaju minne. Alifika shimo la 10 bado yuko mbele. Mpira wake ukapotelea kushoto kabisa, huko kwenye nyumba za wageni, akamaliza shimo la mikwaju 4 kwa 7. La 11 akapoteza mwingine. Kwenye grini ya shimo la 12 alipiga mara nne ndipo mpira ukaingia. Siku hiyo alimaliza kwa 80, na ushindi ukaenda kwa mwingine.

Sasa mtazame huyohuyo mwaka 2025, uwanja uleule, siku ya mwisho, akiongoza kwa mikwaju miwili. Shimo la kwanza tu akapoteza miwili, uongozi ukayeyuka. Shimo la 13, akiwa na pigo fupi ambalo angeweza kulipiga usingizini, akautumbukiza mpira kwenye kijito, miwili mingine ikaenda. Ukijumlisha na siku ya kwanza, aliharibu mashimo manne ya namna hiyo katika mashindano yale, na hakuna bingwa wa Masters kabla yake aliyewahi kuharibu manne akashinda. Alishinda, baada ya kulazimika kurudia shimo la 18 na Justin Rose. Makosa ya 2025, ukiyahesabu kwa wingi, si haba. Tofauti ni kwamba kila shimo alilizika palepale lilipofia.

Kwa hiyo anayekuambia kucheza kwa usawa ni kutofanya makosa anakudanganya, au hajacheza. Kucheza kwa usawa ni kulipa kosa mara moja tu. Na kwa vitendo inakuwa hivi.

Mpira ukiingia kichakani, pigo linalofuata kazi yake ni moja, kutoka. Usitafute upenyo kati ya matawi mawili kuelekea bendera. Upenyo huo unauona kwa sababu una hasira, macho ya mwenye hasira huona njia pasipo na njia. Toa mpira pembeni kwenye majani mafupi, hata kama unarudi nyuma kidogo. Umepoteza mkwaju mmoja. Shimo la mikwaju 4 ukilimaliza kwa 6 hujafa. Tangu 2019 kanuni zinakupa dakika 3 tu za kuutafuta mpira, zamani zilikuwa 5, na mimi naishukuru sheria hiyo, kwa sababu dakika zile mbili za ziada tulizitumia kupandisha hasira.

Ukishaandika namba ya shimo bovu, fanya kitu kimoja cha mwili ambacho unakifanya siku zote. Mimi navua glavu na kuifunga kwenye begi, siivai mpaka nifike mahali pa kuanzia shimo linalofuata. Rafiki yangu mmoja hunywa mafunda matatu ya maji, amehesabu, hayazidi wala hayapungui. Wengine watacheka. Lakini mwili unahitaji kuambiwa kwamba shimo limekwisha, kichwa peke yake hakiamini.

Kisha pigo la kwanza la shimo linalofuata lipige kwa fimbo unayoipenda, si kwa ile kubwa. Hapa ndipo kisiki kinapozungukwa. Chuma namba 7 mara mbili kitakufikisha karibu na grini ya mashimo mengi, na kitakupa pigo moja safi la kusahaulisha. Mcheza gofu wa kawaida akitoka kwenye 8 hufanya kinyume chake, anavuta fimbo ndefu kuliko zote.

Kuna hesabu moja ambayo ingewaponya wengi kama wangeielewa, nayo ni ya handikapu. Mfumo wa kimataifa ulioanza 2020 unachukua kadi zako 20 za karibuni, unachagua 8 zilizo bora, na kutoka hizo 8 ndipo namba yako inapatikana. Zile 12 mbaya zinawekwa kando. Maana yake handikapu yako si wastani wako, ni wastani wa siku zako njema. Mwenye handikapu 18 kwenye uwanja wa mikwaju 72 anadhani kila Jumapili anadaiwa 90. Hadaiwi. Jumapili zake nyingi zitaangukia 93, 94, 96, na hiyo ndiyo afya yake. Yeye akifika nusu ya njia na kuona yuko nyuma ya 90, anajiona mgonjwa, anaanza kufukuza. Anayefukuza ndiye anayeandika 103.

Mfumo huohuo una huruma nyingine. Katika kuhesabu handikapu shimo moja haliruhusiwi kukudhuru bila kikomo, linakatwa kwenye mikwaju miwili juu ya hesabu yake, pamoja na ile uliyopewa kwenye shimo hilo. Hata watunga sheria wameamua 11 ni ajali, wewe nani mpaka uishike kama kesi?

Ndiyo maana nawasihi watu wasijumlishe kadi kwenye shimo la 9. Andika namba za mashimo, acha jumla. Ukijua una 41 utaanza kuilinda 41 kama yai, mikono itakaza. Ukijua una 52 utaanza vita. Mimi kadi naijumlisha nikiwa nimekaa na viatu vimevuliwa. Wanaocheza kwa dau, na tunajuana, watasema haiwezekani kwa sababu lazima mtu ajue anadaiwa chakula cha mchana au anadai. Basi mwenye kushika hesabu ya dau awe mmoja, anyamaze.

Hata hivyo usinielewe kwamba mikwaju ya katikati haina uzito. Mwaka 1998 Jacob Okello wa Kenya na Ricardo González wa Argentina walicheza mashimo 72 ya Kenya Open, siku nne, wakamaliza bila kupishana hata mkwaju mmoja, na ilibidi mashimo ya ziada yamtoe González mshindi. Katika siku nne kama hizo hakuna ajuaye ni mpira upi mdogo, wa shimo gani la Alhamisi, ambao ungebadilisha jina kwenye kikombe. Mkwaju wa shimo la 3 na wa shimo la 18 bei yake ni moja.

Sasa huo mwendo wenyewe. Mzunguko wa mashimo 18 unakula saa nne na nusu hivi, na miguu inatembea kilomita 8 mpaka 10. Watu wanaposikia kwamba gofu inataka umakini wa saa nne na nusu wanajaribu kuwa makini kwa saa nne na nusu. Hakuna binadamu wa hivyo. Fanya hesabu: kanuni zinashauri pigo moja lisizidi sekunde 40. Ukipiga mikwaju 90, hiyo ni saa moja kamili. Saa tatu na nusu zilizobaki ni matembezi. Ongea na wenzako, uliza bei ya ufuta mnadani, tazama ndege, sikiliza kedi akikusimulia timu yake. Hatua kumi kabla ya mpira ndipo unapoingia kazini, na mpira ukishaondoka umetoka kazini. Anayetembea kutoka pigo hadi pigo akijihubiria habari za kiwiko chake atakuwa amechoka shimo la 13, na uchovu huo hautauona kwenye miguu.

Zile sekunde 40 nazo zifanane. Simama nyuma ya mpira, chagua alama ya karibu mbele yake, jani au kipara cha majani, sogea, jaribu mara moja, piga. Chagua utaratibu wako, lakini uwe mmoja. Kisha fanya jaribio hili siku ambayo hakuna mashindano: mwombe kedi akupimie muda kwa simu kwenye shimo la 2 na la 16, bila kukuambia pigo lipi anapima. Mimi nilijikuta natumia sekunde 35 asubuhi na 17 mchana. Nilikuwa naharakisha bila kujijua, kama yule aliyeona mwembe kwa mbali. Wengine hurefuka badala ya kufupika, wanasimama juu ya mpira kama wanausomea dua. Ugonjwa ni uleule.

Kuhusu kedi: wachezaji wetu wengi wazuri wa kulipwa, Tanzania na Kenya, wamepitia kazi ya kubeba fimbo. Huyo anayekubebea begi amekuona ukiharibu shimo la 14 mara thelathini. Muulize kabla, si baada. Mwambie tangu mwanzo, "Ukiona naanza kukimbia, niambie." Atakuambia, ila ni lazima umpe ruhusa, kwa sababu adabu ya kazi yake inamkataza kumwambia mzee kwamba amechanganyikiwa.

Tumbo na maji nitapita haraka, ingawa ndipo Dar es Salaam inapotushinda. Mwili ukipoteza maji ya kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, umakini unaanza kupungua. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo haifiki hata lita moja na nusu, na kwa jua la Februari unaipoteza kabla ya kuiona grini ya 11. Kunywa kila baada ya shimo moja au mawili, kiu usiisubiri. Kula kidogo kidogo: ndizi moja shimo la 5, karanga shimo la 9, kipande cha kiazi kitamu shimo la 13. Sahani ya chipsi na soda mbili kwenye kibanda cha mapumziko ni deni utakalolilipa mashimo matatu yanayofuata, tumbo likidai damu ambayo mikono inaihitaji. Na begi lipunguze. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, haziamuru 14. Mimi nabeba 9. Kila fimbo unayoiacha nyumbani ni ubishi mmoja umeuepuka.

Kwenye grini kuna jambo moja la kujua, litakutuliza. Wachezaji wa juu kabisa Marekani, wale wanaopigana kwa mamilioni ya dola, wakiwa futi 8 kutoka shimoni huingiza takriban nusu tu. Nusu! Wewe ukikosa mpira wa futi 8 unatikisa kichwa na kutazama fimbo kama imekusaliti, halafu hasira hiyo unakwenda nayo kwenye pigo la kwanza la shimo linalofuata. Yanayopaswa kukuuma ni ya futi 3. Hayo ndiyo ya kufanyia mazoezi, dakika 15 kila unapofika uwanjani, na yale marefu jizoeze kuyaleta karibu tu, mpira ulale umbali wa urefu wa fimbo.

Mazoezi yenyewe tunayafanya tukiwa wabichi, halafu tunashangaa kwamba mchana hayafanyi kazi. Jaribu kuyahamisha. Maliza mzunguko, umechoka, wenzako wanakwenda kukaa, wewe piga mipira 20 mifupi kwa mwendo wako wa asubuhi. Mipira 20 ya mtu aliyechoka ina faida kuliko 100 ya mtu aliyelala vizuri. Na ukitaka kuona mwendo wa asubuhi unaodumu mpaka mchana, mtazame Madina Iddi wa Arusha, ambaye amekuwa kwenye timu ya taifa ya wanawake kwa miaka mingi. Ukipata nafasi ya kumfuata akicheza, achana na umbali wa mipira yake, angalia miguu inavyotembea kati ya pigo na pigo.

Na shimo la 18. Viwanja vingi vimelipanga lirudi klabuni, mbele ya baraza, watu wamekaa na vinywaji vyao wakikutazama. Hapo hata aliyeshika mwendo siku nzima hutamani kupiga pigo moja la kukumbukwa. Wale watu wa barazani, nikuambie kwa kuwa nami hukaa nao, wanazungumza mambo yao. Piga kama ulivyopiga la 4.

Mwezi uliopita, kwenye mashindano madogo ya klabu, nilipata 47 kwenda na 46 kurudi. Shimo la 10 safari hii nilipiga 6, la 11 nikapiga 5. Nilikuwa wa kumi na moja katika daraja letu, zawadi hazikufika huko, lakini nilifurahi kiasi cha kumpigia simu shangazi nikiwa bado kwenye maegesho.

"Umeshinda?" akauliza.

"Hapana, shangazi. Wa kumi na moja."

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akitwanga. Kisha akataka kujua ule uwanja una ukubwa gani. Nikamweleza kutoka shimo la kwanza mpaka la mwisho, jinsi unavyozunguka na miti yake na mabonde yake, majani yamekatwa yote.

"Mvua zikianza," akasema, "wanapanda nini hapo?"